Kitu na Matendo Yake

Bulyanhulu ni mahali katika Mkoa wa Shinyanga, karibu na mpaka wa Mkoa wa Geita, kusini ya Ziwa Viktoria. Hapo pana mgodi mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2001. Mgodi huo si shimo la wazi ambalo mpita njia aweza kuchungulia akawaona watu wakifanya kazi. Ni mgodi wa chini kwa chini. Shimo lake la wima lina kina cha zaidi ya mita 1,000, na tena iko njia ya mteremko ipitwayo na magari. Humo mna giza, na mwamba ni mzito juu ya vichwa vya watu. Hutolewa dhahabu, na pamoja nayo fedha na shaba.

Katika mgodi wa namna hii liko jambo moja lipasalo kujulikana saa zote, mchana na usiku: ni nani yuko chini, na ni nani amekwisha panda. Moto ukizuka, au mwamba ukiporomoka, waokoaji hawawezi kukisia. Wataka majina. Jina moja likikosewa, yawezekana mtu akaachwa gizani, huku ndugu zake wakiambiwa kwamba yu salama nje.

Zamani, katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, kila mchimbaji alikuwa na kibati kidogo cha shaba chenye namba yake. Kwa kuangalia vibati vilivyochukuliwa na vilivyorudishwa, msimamizi alijua ni nani angali chini. Siku hizi, katika migodi mikubwa ya dunia, kazi hiyo husaidiwa na kompyuta. Lakini kompyuta haijui yenyewe mchimbaji ni nini, wala kushuka ni nini. Haina budi kufundishwa, tena kwa lugha iliyotengenezwa kwa ajili yake. Maagizo yaliyoandikwa kwa lugha hiyo huitwa programu. Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha za programu hukutana upesi na mambo mawili yanayowasumbua wengi: kitu, na tendo la kitu. Maana ya mambo hayo mawili yaelezwa hapa.

Orodha mbili zilizoachana

Ili faida ya kitu ijulikane, yafaa kwanza kuona taabu inayopatikana pasipo hicho. Na ifikiriwe kwamba mwandishi wa programu ameandika orodha mbili. Katika orodha ya kwanza ameweka majina ya wachimbaji wanne kwa mfuatano: Shija, Masanja, Kabula, Maige. Katika orodha ya pili ameweka mahali alipo kila mmoja, kwa mfuatano ule ule: juu, chini, juu, chini. Jina la kwanza huenda na neno la kwanza, jina la pili na neno la pili, na hivyo mpaka mwisho. Basi Shija yuko juu, Masanja yuko chini, Kabula yuko juu, na Maige yuko chini.

Siku moja Shija aacha kazi. Karani afuta jina lake katika orodha ya kwanza, asikumbuke kufuta neno lake katika orodha ya pili. Sasa majina yamebaki matatu: Masanja, Kabula, Maige. Lakini maneno yangali manne: juu, chini, juu, chini. Kompyuta haioni kosa lolote. Ikiulizwa Masanja yuko wapi, hutazama neno la kwanza ikajibu, "Juu." Kabula yuko wapi? "Chini." Na Maige? "Juu." Majibu yote matatu si kweli. Masanja na Maige wako chini ya ardhi, na kompyuta yasema kwamba wako nje.

Karani huyo hakuwa mjinga. Kosa lilitokea kwa sababu jina la mtu na habari za mtu viliwekwa mbalimbali. Katika programu ya mistari 50 kosa kama hilo huonekana upesi. Katika programu ya mistari elfu nyingi, iliyoandikwa na watu wengi, laweza kufichama muda mrefu. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari"; lakini hata daftari, kurasa zake zikiachana, halimsaidii mwenye mali.

Kitu ni nini

Dawa ya taabu hiyo ni kufunga pamoja yale yanayohusiana. Katika lugha ya programu, kitu ni habari na matendo vilivyofungwa pamoja. Kitu kinachomwakilisha Masanja hubeba jina la Masanja, na hubeba mahali alipo Masanja, wala hakichukui habari za mtu mwingine. Kikiondolewa, habari zake zote huondoka pamoja nacho, na za Kabula na Maige hubaki kama zilivyokuwa. Si kusema kwamba mtu ni kitu. Mtu ni mtu. Kilichomo ndani ya kompyuta ni kumbukumbu zake tu.

Kitu hakikuumbwa bila mfano. Wafyatuao matofali huwa na kalibu ya mbao. Udongo hutiwa ndani yake, nalo tofali hutoka na umbo la kalibu ile. Hata dhahabu iliyoyeyuka humiminwa katika kalibu, ikapoa ikawa mche. Kalibu ni moja, na matofali ni mengi. Tena kalibu si tofali: hakuna ajengaye nyumba kwa kuzipanga kalibu.

Vivyo hivyo mwandishi wa programu huandika kwanza kalibu ya mchimbaji. Katika kalibu hiyo husema: kila mchimbaji atakuwa na jina, na atakuwa na mahali, tena ataweza kushuka, na ataweza kupanda. Kalibu yenyewe haina jina la mtu. Kisha kwa kalibu hiyo hutoa vitu: kimoja cha Masanja, kimoja cha Kabula, kimoja cha Maige, na hata elfu moja wakihitajiwa.

Katika nchi ya Wasukuma, watoto pacha huitwa Kulwa na Doto. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Pengine wamefanana hata mgeni hawezi kuwatofautisha. Hata hivyo Kulwa akila, Doto hashibi. Ndivyo ilivyo kwa vitu viwili vilivyotoka katika kalibu moja. Hata habari zao zikiwa sawasawa, ni viwili. Kimoja kikiambiwa kishuke, cha pili hubaki pale pale kilipokuwa.

Tendo ni nini

Tofali hukaa kimya. Hapo ndipo mfano wa matofali unapokoma. Kitu cha programu chaweza kutenda. Lile liwezalo kutendwa na kitu huitwa tendo lake. Tendo ni maagizo mafupi yaliyoandikwa katika kalibu, nalo hungoja mpaka kitu kiitwe na kuambiwa.

Msimamizi akitaka Masanja ashuke, husema, "Masanja, shuka!" Kwanza hutaja jina, ili ajulikane anayeambiwa, kisha hutaja tendo. Lugha nyingi za programu hufuata desturi hiyo hiyo, ila mahali pa mkato huweka nukta. Mfano huu umeandikwa kwa lugha iitwayo Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi:

class Mchimbaji:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.mahali = "juu"

    def shuka(self):
        self.mahali = "chini"

    def panda(self):
        self.mahali = "juu"

masanja = Mchimbaji("Masanja")
kabula = Mchimbaji("Kabula")

masanja.shuka()

Neno class, lililotoka katika Kiingereza, hutangaza kwamba kalibu yaanza kuandikwa. Kila neno def hutangaza tendo. Tendo la kwanza, lenye jina la ajabu, hufanyika mara moja tu, wakati kitu kinapotolewa katika kalibu: hukipa jina, na hukiweka juu, kwa kuwa hakuna mchimbaji anayeanza kazi akiwa chini tayari. Matendo mawili yanayofuata ni kushuka na kupanda. Mistari miwili ya masanja na kabula hutoa vitu viwili. Mstari wa mwisho ndio wito: "Masanja, shuka!" Baada ya mstari huo, mahali pa Masanja ni chini, na mahali pa Kabula pangali juu.

Neno self huwafadhaisha wengi, na kumbe maana yake si ngumu. Ni neno ambalo kwalo kitu hujitaja chenyewe, kama mtu asemavyo "mimi mwenyewe". Kalibu imeandikwa kabla ya watu kujulikana. Mwandishi hawezi kuandika "mahali pa Masanja pawe chini", maana kesho tendo lile lile litafanywa na Kabula. Kwa hiyo huandika "mahali pangu mimi mwenyewe pawe chini". Masanja akiitwa, "mimi" huyo ni Masanja. Kabula akiitwa, ni Kabula. Msemaji wa Kiswahili amekwisha zoea jambo hili. Asemapo "nimeshuka", silabi ile "ni" haina jina la mtu ndani yake. Hupata maana kwa yule anayesema.

Mlinzi wa habari zake

Faida kubwa ya tendo ni ulinzi. Mahali pa Masanja pasibadilishwe na kila mtu apendavyo. Pabadilishwe kwa njia ya matendo mawili tu, kushuka na kupanda. Mwandishi aweza kuongeza katika tendo la kushuka maneno ya kuangalia: ikiwa mchimbaji yuko chini tayari, na ameagizwa tena ashuke, basi programu isimame na kutoa onyo, kwa sababu pameingia kosa mahali fulani. Onyo hilo likiandikwa mara moja katika kalibu, huwalinda wachimbaji wote. Pasipo tendo, ingebidi kuliandika kila mahali panapoguswa habari hizo, na pale litakaposahauliwa ndipo hatari itakapoingia.

Lugha hazilingani katika ulinzi huu. Java, iliyotolewa mwaka 1995, ina neno la kuzifunga habari za kitu, hata asiyeruhusiwa asiweze kuzigusa. Python haifungi hivyo. Huwaachia waandishi waheshimu desturi. Mwandishi mwaminifu hapiti dirishani wakati mlango upo. Hukiomba kitu kitende, wala hakinyang'anyi habari zake.

Wazo hili lilitoka wapi

Wazo la vitu lilianza Norwei, nchi ya kaskazini ya Ulaya. Katika miaka ya 1960, watu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walifanya kazi mjini Oslo katika nyumba ya hesabu za kompyuta iitwayo Norsk Regnesentral. Walitaka kuigiza ndani ya kompyuta mambo ya dunia yenye foleni na kungojeana, ili ijulikane mapema mahali ambapo kazi itakwama. Kwa kusudi hilo walitengeneza lugha waliyoiita Simula. Ni katika miaka ile ile, mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ilipoletwa Tanzania, katika Wizara ya Fedha.

Mmoja wa mifano yao ulikuwa daraja lenye kituo cha kulipia ushuru, na foleni ya malori na mabasi. Hapo waliona shida. Lori hubeba mizigo, na basi hubeba abiria. Basi kalibu zao ni mbili. Lakini yote mawili hungoja katika foleni moja. Je, maneno ya kungoja foleni yaandikwe mara mbili? Wakapata njia: iandikwe kalibu moja ya mambo yaliyo ya wote, kisha kalibu ya lori na kalibu ya basi zipokee mambo hayo kama mtoto apokeavyo urithi, kila moja ikiongeza yake. Mambo haya yaliingia katika Simula ya mwaka 1967, nayo hutumika hata leo katika lugha nyingi. Katika mgodi, kalibu ya mfanyakazi yaweza kurithiwa na kalibu ya mchimbaji, ya dereva, na ya fundi wa umeme.

Baadaye, katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake huko California walitengeneza lugha iitwayo Smalltalk. Kay alikuwa amesoma elimu ya viumbe hai. Alivifananisha vitu na chembe za mwili, ambazo kila moja hutunza mambo yake ya ndani, na zote hupelekeana habari. Lugha hiyo walifundishwa hata watoto wa shule, nao waliweza kuitumia. Dahl na Nygaard walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, iliyo heshima kuu katika elimu ya kompyuta. Wote wawili walifariki mwaka 2002.

Makosa matatu ya wanaoanza

Kosa la kwanza ni kuiambia kalibu badala ya kukiambia kitu. Mwanafunzi huandika Mchimbaji.shuka(), naye hupata jibu la kukataliwa. Ni kama msimamizi asimamaye mbele ya watu mia moja na kusema, "Mchimbaji, shuka!" Kila mmoja humtazama mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyetajwa.

Kosa la pili ni kusahau mabano. Mwanafunzi huandika masanja.shuka, bila mabano mwishoni, kisha hushangaa kuona Masanja hakushuka. Amelitaja tendo, lakini hakuliamuru. Kuna tofauti kati ya kusema habari za kushuka na kusema "Shuka!" Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu Python hailalamiki, hupita kimya, na mtu aliyeshuka kweli huonekana katika kompyuta kuwa yuko juu.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba majina mawili ni vitu viwili. Mwanafunzi akiandika baba_kulwa = masanja, hakutoa mchimbaji mwingine katika kalibu. Amempa Masanja jina la pili, kama ilivyo desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake. Baba Kulwa akiambiwa ashuke, Masanja ndiye aliyeshuka. Anayesahau hayo huenda akahesabu watu wawili chini, naye yuko mmoja.

Kwa nini yafaa kuyajua haya

Nygaard hakuridhika kuitengeneza lugha tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei, ili wafanyakazi wajifunze habari za kompyuta zilizokuwa zikiingia katika viwanda vyao, wapate kusema neno lao juu yake. Aliona kwamba asiyeuelewa mtambo huongozwa na yule auelewaye.

Shauri hilo lawafaa pia watoto wa Shinyanga na Geita. Mitambo huzidi kuingia migodini, na kila mtambo huja na programu ndani yake. Programu hiyo iliandikwa na watu, nayo yaweza kuwa na makosa ya watu. Atakayejua kitu ni nini, na tendo ni nini, ataweza kuuliza maswali yapasayo: habari hizi zatunzwa wapi? Ni nani awezaye kuzibadilisha? Na zikibadilishwa kwa kosa, ni nani atakayejua? Maswali hayo ni machache, lakini kwa ajili ya mtu aliye chini ya mwamba wa mita elfu moja, majibu yake yana uzito kuliko dhahabu.

Maswali

1. Kwa nini orodha mbili za karani zilitoa majibu yasiyo ya kweli? Ziandike upya katika daftari, kisha ufute jina la Kabula peke yake badala ya Shija. Ni nani sasa ataonekana mahali pasipo pake?

2. Eleza tofauti kati ya kalibu na kitu. Toa mfano mwingine wa kwako, usio wa matofali.

3. Kulwa na Doto wanatufundisha nini juu ya vitu viwili vya kalibu moja?

4. Baada ya masanja.shuka() huandikwa kabula.shuka(), kisha masanja.panda(). Kila mmoja yuko wapi?

5. Andika katika daftari kalibu ya ng'ombe, au ya duka. Itakuwa na habari gani, na matendo gani?

6. Lori na basi zilirithi nini katika mfano wa daraja? Taja mambo ambayo mchimbaji na dereva wa mgodini wanashiriki, na mambo ambayo kila mmoja anayo peke yake.